Matanki Matatu ya Maripoa

Port Vila, 12 Agosti

Shangazi Leiwia,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa kidogo. Huku wazima, ila joto la ofisini linatumaliza. Watu sita tumepewa feni moja, na mkuu wetu, Bwana Tarileo, ameielekeza kwake.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana kina mama wa kanisani wakikuuliza unabaki kukohoa. Ni hivi. Serikali ina karatasi nyingi zinazohesabu shule, zahanati, barabara, na kila wizara imezilalia za kwake. Sisi tunazikusanya na kuziweka kwenye tovuti moja ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kumpigia mtu magoti. Wanaziita takwimu huria. Wafadhili wanasema vijana wakizipata watabuni mambo ya kuisaidia nchi. Mimi nimepewa maji: matanki yote ya mvua, kisiwa kwa kisiwa, kijiji kwa kijiji. Lipo wapi, lilijengwa lini, ni zima au bovu.

Tatizo ni kwamba fomu nyingi zimerudi nusu tupu. Maripoa ina matanki matatu na miaka ya kujengwa ipo, lakini hali yake haikuandikwa. Nimekufungia fomu humu ndani. Ijaze, umpe nahodha wa meli arudi nayo. Uzinduzi ni tarehe 20 Septemba, na waziri anakuja.

Ningekupigia simu, ila najua mnara wenu haujasimama tangu kimbunga.

Mwanao,
Madlen


Maripoa, kisiwa cha Tongoa, 3 Septemba

Madlen,

Marahaba. Goti halijapoa. Limeshaamua.

Fomu yako nimeiona na sijaijaza. Usinune, nisikilize kwanza. Hii ni ya nne. Ya kwanza niliwajazia watu wa maji. Ya pili watu wa afya, maswali yaleyale, wamebadilisha rangi ya karatasi tu. Ya tatu alikuja kijana mmoja wa kigeni na kofia yake, akapiga picha kila tanki, akanipiga na mimi nimesimama kando ya tanki kama bwana na bibi harusi. Hakuna hata mmoja aliyerudi, walau na koki. Nimechoka kujaza, mwanangu. Fomu yako nimewashia moto wa kuchemshia mikasi ya zahanati.

Lakini kwa kuwa ni wewe, nakwambia kwa maneno. Tanki la kanisani lina ufa, unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. La zahanati linavuja chini. Nimeliziba kwa vipande vya mpira wa tairi, na linashika maji mpaka usawa wa magoti yangu, basi. La shule ni zima kabisa, lakini mfereji wa bati uliokuwa ukilishushia maji kutoka paani uliondoka na kimbunga. Kwa hiyo ni zima na ni kavu. Fomu yenu haina pa kuandika "zima na kavu". Niliangalia kabla sijaichoma.

Chifu Masoe anataka kuwatuma watu wawili Vila wakaseme wenyewe wizarani. Amemchagua Mzee Kalomak awe msemaji, unajua alivyo na sauti. Ameshaanika shati lake jeupe. Nimewaambia wasubiri kwanza nisikie kwako.

Shangazi yako,
Leiwia


Port Vila, 1 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia tarehe 27. Meli iliharibika mashine, ikakaa kisiwani Emae siku kumi na moja. Kwa hiyo uzinduzi ulipita kabla yake.

Ulikuwa uzinduzi wa kukata na shoka. Kompyuta ilifungwa utepe mwekundu, waziri akaukata, kisha hakuna aliyejua abonyeze wapi. Tulikula laplap, viazi vikuu vya kukuna vilivyookwa na kuku, kwenye sahani za karatasi. Ramani ikatokea ukutani, visiwa vyote vimejaa nukta za kijani, watu wakapiga makofi. Kuna wanafunzi wa chuo, kiongozi wao ni binti mmoja anaitwa Jelinta, walichukua majedwali yangu wakatengeneza programu ya simu inayoonyesha kijiji gani kina maji na kipi hakina. Wamepewa tuzo. Jelinta alinishika mkono, akasema, "Dada Madlen, bila wewe tusingekuwa na kitu." Sikujua niangalie wapi.

Kuhusu Maripoa, usiwe na wasiwasi. Maripoa imo.

Nimechoka kidogo. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Madlen


Maripoa, 24 Oktoba

Mwanangu Madlen,

Leo nakuandikia kwa furaha, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua silifanyi mara nyingi.

Nilisimama barazani Jumamosi. Niliwaambia, "Safari ya Vila haina haja. Mtoto wangu yuko ofisini hukohuko, nimemjazia fomu, na mambo ya matanki yetu yameshaingia. Serikali inaona sasa." Mzee Kalomak akasema, "Inaona mpaka ule ufa wa kanisani?" Nikamjibu, "Inauona ufa, na wewe inakuona ulivyokaa hapo hujachana nywele." Watu walicheka sana. Chifu akaifuta safari. Kalomak alinuna kidogo kwa ajili ya shati lake, kisha akaniletea viazi vikuu viwili.

Sasa niambie, watakuja lini? Mvua hazina dalili. Tangu Agosti tumepata manyunyu mara mbili. Kabichi zimekuwa njano. Tanki la zahanati limebaki na maji ya kunawia mikono, na hata hayo nayapima kwa kikombe. Siwaharakishi, nauliza tu.

Leiwia


Port Vila, 19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nimewatumia mchele magunia mawili, sabuni, na madumu manne ya maji. Nahodha ameahidi hatayatumia njiani.

Kuhusu lini watakuja, kuna utaratibu. Kitu kikishaingia kwenye tovuti, kukibadilisha kunataka saini ya ofisi ya mkoa, na ofisi ya mkoa inasubiri barua kutoka kwetu, na Bwana Tarileo yuko kwenye mkutano nje ya nchi, anawasimulia wenzetu jinsi tulivyofanikiwa. Nimemwachia ujumbe.

Chemsheni maji ya kunywa, tafadhali.

Madlen


Maripoa, 14 Desemba

Madlen,

Umeandika "kukibadilisha". Barua yako niliisoma haraka siku ile, wagonjwa walikuwa mlangoni. Leo nimeirudia. Kubadilisha nini, ikiwa uliandika nilichokwambia?

Sikiliza yaliyotokea hapa.

Tarehe 2 ilipita meli ya msaada wa maji. Tuliiona kutoka kilimani. Kina mama walishuka ufukweni na ndoo, masufuria, mpaka beseni la kubatizia watoto. Meli haikukata kona. Nilikimbilia redio ya zahanati, inayofika kwa meli za karibu tu, kwa goti hili, nikampata mtu wao mmoja.

Nikasema, "Hapa Maripoa, mbona mnatupita?"

Akasema, "Mama, orodha inaonyesha mna matanki matatu mazima."

"Orodha ya nani? Mimi ndiye nesi hapa. Hatuna tone."

"Mama, kila kijiji kinasema hivyohivyo. Tunafuata orodha. Pole sana."

Alisema pole kwa adabu, sikuweza hata kumtukana. Betri ikaisha.

Madafu yalikwisha wiki ileile. Watu wakarudi kwenye kile kisima cha zamani cha ufukweni, maji yake ya chumvi na yananuka. Nilikataza. Lakini mtu mwenye kiu humkatazi. Kuhara kukaanza. Watoto kumi na wanne nimewavusha, namshukuru Mungu. Mzee Kalomak sikumvusha. Alikaa siku tatu. Sisemi ni maji peke yake, alikuwa mtu mzima na moyo wake naujua. Lakini siku ya pili alinishika kanga akaniuliza, "Leiwia, ile serikali yako bado inaona?" Alikuwa ananitania, unamjua.

Tumemzika na lile shati jeupe.

Mkewe, Mama Eslin, hanisalimii. Hakuna anayenisema vibaya, na hilo ni baya zaidi. Wananyamaza tu nikipita, kwa sababu ni mimi niliyesimama barazani nikaifuta safari ya marehemu kwa mdomo wangu.

Nani aliandika kwamba yote matatu ni mazima? Nataka jina lake.

Leiwia


Port Vila, 22 Desemba

Shangazi,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara nilianza na joto, na mashine, na utaratibu. Nimezichana. Ni mimi.

Siku moja kabla ya uzinduzi nilikuwa na matanki 143 yasiyo na hali. Kwenye ramani yalitokea mekundu. Bwana Tarileo aliitazama akasema, "Waziri hawezi kusimama mbele ya ramani ya namna hii. Fanya kitu, Madlen." Hakuniambia nifanye nini, kwa hiyo siwezi kumsingizia. Nikaagiza kompyuta kwamba tanki lolote lisilo na hali, kama lina umri chini ya miaka kumi, liandikwe zima, na yote 143 yakaingia humo. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ramani ikawa ya kijani. Nilijiambia nitayarudia moja moja baadaye.

Barua yako ilipofika nilikuwa na ukweli wa Maripoa mkononi. Ningeweza kuubadilisha siku ileile. Niliogopa. Ningebadilisha matatu, ningeulizwa mengine 140 yalitoka wapi. Ndiyo maana nikakuandikia "Maripoa imo". Sikusema imo vipi. Na wewe ukaenda barazani.

Habari za Mzee Kalomak zilinikuta ofisini. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Jumatatu nilifuta yote 143. Mahali pake nimeandika "haijulikani". Hakuna aliyenipa ruhusa. Ramani imejaa madoa ya kijivu. Bwana Tarileo alirudi akapiga meza: "Umeniaibisha mbele ya wafadhili!" Nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo, kupanga mafaili ya zamani. Afadhali. Mafaili hayana rangi.

Jelinta alinipigia. "Dada, programu yetu imeharibika, vijiji vingi vimekuwa kijivu. Kumetokea nini?" Nikamweleza. Kisha akasema, "Kwa hiyo tulipewa tuzo kwa uongo?" Nikasema ndiyo. "Na wale wa meli walikuwa wanatumia programu yetu?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Siombi unisamehe. Nimewaandikia watu wa meli kwa mkono wangu habari za Maripoa, na nimekwenda bandarini kuhakikisha wameisoma.

Madlen


Maripoa, 16 Januari

Madlen,

Barua yako ilikaa siku nne kwenye boksi la dawa za minyoo kabla sijaweza kuisoma mara ya pili. Sitaki kukudanganya kwamba hasira imeisha. Nilikulea. Nilikufundisha kuhesabu kwa vidonge vya malaria. Sikukufundisha hilo ulilofanya.

Lakini na mimi nina langu. Barazani nilisema nimejaza fomu. Sikujaza. Niliichoma kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu nilijua ni wewe na utanivumilia. Kama ningeijaza siku ileile, nahodha angekuwa nayo mfukoni. Ndiyo, meli ingeharibika vilevile, ingechelewa vilevile. Labda. Lakini kama nisingesema nimejaza, Kalomak angekwenda Vila na shati lake, na kwa sauti ile nani angemzuia mlangoni?

Hilo nimelisema mbele ya watu Jumapili baada ya ibada. Nimesema fomu niliichoma, na nikawaambia nimejaza. Chifu Masoe akasema, "Leiwia, tukikufukuza nani atatushona vidole?" Wengine wakacheka kidogo. Mama Eslin akainuka akatoka.

Meli ya maji imefika tarehe 11. Mvua ilikuwa imenyesha tarehe 9, mvua ya kweli, mpaka mitaro ikafurika. Walitukuta tumejaza kila kitu chenye tako. Kijana wao akauliza, "Sasa mama, tushushe au tusishushe?" Nikamwambia ashushe tu. Walishusha na bati la mfereji wa shule. Kalomak ana wiki tano kaburini.

Sehemu yako sikuisema. Wameniuliza nani aliandika, nikawajibu kwamba mwenyewe atakuja kusema. Hiyo si yangu kuibeba, na goti langu limejaa.

Njoo.

Leiwia


Port Vila, 2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata nafasi kwenye meli ya tarehe 12. Nitakuja na mikeka na nguruwe mmoja kwa ajili ya familia ya marehemu, kama desturi inavyotaka. Sijui kama ni sawa. Mwambie Chifu, lakini usimwambie Mama Eslin anipokee. Asilazimishwe.

Jelinta amerudi kunitafuta huku stoo. Hakunisalimia, alivuta kiti. Anasema hawataki kuifuta ile programu, wanataka kuianza upya. Kila tanki liwe na jina la mtu aliyeliona kwa macho na tarehe aliyoliona, na pasipo na mtu paachwe kijivu, hata kama kisiwa kizima kitakuwa kijivu. Nikamwambia hakuna atakayewapa tuzo kwa ramani ya kijivu. Akasema, "Tuzo tumesharudisha." Nimempa barua yako ya Septemba anakili. Amecheka pale kwenye "zima na kavu", halafu akaiongeza kwenye orodha yake.

Naogopa, Shangazi. Nakuja.

Madlen


Maripoa, 3 Machi

Mwanangu,

Umeondoka ukiwa umefunika uso na sikupata nafasi ya kusema nawe vizuri pale ufukweni. Nakuandikia ujue yaliyofuata.

Ulisema vizuri mbele ya baraza. Ulisema kwa sauti ndogo, lakini hukukwepa. Chifu ameipokea mikeka ya ukoo na nguruwe ameliwa, kwa hiyo kwa baraza jambo limekwisha. Kwa Mama Eslin halijaisha. Ule mkeka uliomtandikia yeye, ulioufuma mwenyewe, uliona hakuugusa. Ulibaki palepale barazani. Watu waliuzunguka karibu wiki mbili. Hata kuku waliuzunguka.

Jana Eslin alikuja zahanati kuchukua vidonge vya shinikizo la damu. Tangu Desemba alikuwa anamtuma jirani. Alikaa kwenye benchi mpaka wengine wakaisha. Nikampima, nikampa vidonge, hakuinuka.

Akasema, "Huyo mtoto wako bado anaandika matanki?"

Nikasema, "Wamemwondoa. Anapanga mafaili. Kuna binti mwingine anaandika sasa, naye ni mpaka apewe na mtu aliyeliona tanki."

"Basi andika langu. Lile la nyuma ya jiko, halimo kwenye orodha."

"Lile jipya la plastiki?"

"Ndiyo. Lina mwaka mmoja na lina ufa chini ya mdomo. Kalomak alikuwa analifunga kwa kamba. Wasije wakaandika zima kwa sababu ni jipya."

Nilichukua kalamu. Akanishika mkono. "Huandiki hapa. Twende ukalione."

Tukaenda, yeye na fimbo yake na mimi na goti langu, polepole kama konokono wawili. Nililiona. Ufa ni wa urefu wa kalamu. Nikaandika mbele yake, akanifanya nimsomee, akanifanya niongeze na ile kamba. Nikaweka jina langu na tarehe. Akaniambia niweke na lake.

Wakati wa kurudi tulipita barazani. Wingu lilikuwa limeanza kushuka. Nikajikaza nikamwuliza, "Na mkeka huu, Eslin?"

Aliutazama, akalitazama na wingu.

"Uingize ndani usinyeshewe," akasema. "Lakini si ndani kwangu. Bado."

Nimeuweka zahanati, juu ya kabati. Karatasi ya tanki lake nimeifunga na barua hii. Mpe Jelinta.

Shangazi yako,
Leiwia